Lumbesa ya Vikapu

Lumbesa kubwa kuliko zote nilizowahi kukutana nazo ilikuwa ya viazi, pale sokoni Uyole. Ililetwa imelazwa peke yake kwenye lori la fuso, kwa sababu ikisimama ilikuwa inagusa nyaya za umeme. Wakati huo nilikuwa karani wa ushuru. Ushuru ulitozwa kwa gunia, hakuna aliyeuliza kilo, na wachuuzi wa Mbeya wanajua vizuri sana kuhesabu mpaka moja. Kama gunia moja linalipiwa ushuru wa gunia moja, basi gunia na liwe kubwa. Wakaliongezea shingo ya kamba, juu ya shingo wakaweka kichwa, juu ya kichwa wakavalisha kofia ya majani; hiyo ndiyo lumbesa. Ile ya siku hiyo ilikuwa na kunguru juu yake aliyekwisha kutaga. Mwenye mzigo akaniambia, "Karani, andika gunia moja." Nikaandika moja. Ningeandika nini?

Nalitaja hili mapema ili tukifika kwenye vikapu vya binti yangu usije ukadhani wazo lilidondoka kutoka mbinguni.

Binti yangu anaitwa Tusekile. Ameolewa Iringa, Ipogolo, kule chini ya mlima ambako malori yanapumzika kabla ya kuendelea na safari. Mumewe ni fundi matairi. Yeye mwenyewe ananunua vikapu vya majani ya milulu kwa akina mama wanaosuka na kuviuza kwenye simu, kwenye soko la mtandaoni linaloitwa Gulio Mkononi. Mteja yuko Dar, anaona picha, analipa hukohuko. Tusekile anafungasha, anaupeleka mzigo kwenye basi, unapokelewa kwenye ghala la Gulio, wao wanamfikishia mteja. Namba ya mteja Tusekile haioni, na ya Tusekile mteja haioni. Gulio wanakaa katikati kama mshenga, na mshenga huyu analipwa kila siku ya ndoa.

Kazi yangu ilikuwa maelezo ya chini ya picha. Mimi niliishia darasa la nne, mengine nilijisomea kwenye magazeti yaliyofungiwa sukari, ndiyo maana habari nyingi nazijua mwanzo tu na mwisho nimejitungia mwenyewe. Tusekile alikuwa ameandika, "Kikapu imara, kizuri, rangi mbili." Nikamwambia, mwanangu, hayo ni maelezo ya ndoo. Nikiwa nimekaa Uyole nikamtumia hii:

"Kikapu hiki kimesukwa na Veneranda wa Ipogolo, ambaye husuka huku akihesabu malori yanayopita na hajawahi kukosea uzi wala lori. Kikapu cha namna hii kiliwahi kuanguka kutoka kwenye basi pale Kitonga, kikabingirika mpaka bondeni, na mayai yaliyokuwa ndani yakafika yamekasirika tu."

Vilinunuliwa vyote kabla basi la jioni halijapita. Tangu hapo nikawa mwandishi. Kuna mwaka nilikiandikia kikapu kimoja kwamba simba alikiona akaomba radhi. Watu walikuwa wananunua wakiacha nyota tano, na chini ya nyota wanaandika, "Mzee endelea." Duka la Tusekile likawa na nyota nyingi kuliko maduka yote ya vikapu kwenye Gulio lile.

Halafu ada zikaanza kupanda.

Mwanzoni Gulio walikuwa wanamega kipande kidogo cha bei, hakuna aliyenung'unika. Kipande kikawa mkate. Ikaja ada ya kufungasha, wakati anayefungasha ni Tusekile kwa kamba yake. Ikaja ada ya kuonekana, yaani usipolipa picha yako inasukumwa chini kabisa, mteja aikute akiwa amezeeka. Mwisho ikaja iliyowatoa watu machozi: elfu nne kwa kila bidhaa moja inayouzwa, iwe kubwa iwe ndogo. Kikapu cha elfu kumi na tano kikikatwa hiyo, na nauli ya basi, na vile vipande vingine, kinachobaki hakimtoshi hata aliyekisuka.

Wauzaji wa Mbeya na Iringa wana kundi lao la WhatsApp. Nami nimo, sijui nani aliniingiza. Kundi lilichafuka wiki nzima. Asukile, muuza mchele wa Kyela, ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote.

"Jumatatu tunafunga maduka yote," akatuma kwa sauti. "Wote. Wakose cha kukata, tuone."

Wote wakaandika "tuko pamoja" na picha za ngumi. Jumatatu asubuhi kila mmoja akafungua simu kuangalia kama wenzake wamefunga. Ilibidi afungue duka kidogo ili aone vizuri. Saa nne Asukile mwenyewe akapata oda ya magunia matatu ya mchele, akayatuma. Alipoulizwa akasema alikuwa anajaribu kama mgomo unafanya kazi.

Jioni Tusekile akanipigia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mgomo umeendaje?"

"Baba, acha. Mama Veneranda amekuja. Nimemwambia nitampunguzia kidogo kwa kila kikapu mpaka mambo yakae sawa."

"Akasemaje?"

"Akavichukua vikapu viwili alivyoleta, akavipachika kimoja ndani ya kingine, akaviweka kichwani. Ameshafika mlangoni ndiyo akasema, 'Milulu siku hizi naifuata mbali mpaka magoti yanalia. Ukinipunguzia, mimi narudi kwenye nyanya zangu.' Akienda yeye, baba, na wale wengine wanaenda. Wote wamejifunza kwake."

"Na ukipandisha bei?"

"Wateja watanunua plastiki."

"Na ukiondoka huko Gulio?"

"Nyota zangu zinabaki kwao. Wateja siwajui hata mmoja. Miaka yote hii, baba, sina namba ya mtu hata mmoja. Mama Veneranda nimemwomba anipe mpaka mwisho wa mwezi. Nisipopata njia ya kumlipa kama zamani, nafunga."

Asubuhi nikapanda basi. Kutoka Uyole mpaka Ipogolo ni safari ya kukaa na kufikiri, na mimi nilifikiri mpaka Makambako. Hapo nikashuka kununua mahindi ya kuchoma, wazo likapotea. Nikalipata tena Mafinga.

Nilimkuta Tusekile amekaa sebuleni, vikapu vimejaa mpaka mtu anapita ubavu. Sikungoja hata chai.

"Hiyo elfu nne," nikamwambia, "wanahesabu nini?"

"Bidhaa moja, baba."

"Moja ni nini?"

"Moja ni moja. Picha moja, bei moja, mfuko mmoja."

"Hawapimi uzito?"

"Uzito napima mimi na basi."

Nikachukua kikapu kikubwa. Nikachukua cha wastani nikakitumbukiza ndani. Nikachukua kidogo nikakitumbukiza ndani ya hicho. Nikamuuliza, "Hapo vingapi?"

Tusekile ni mtoto wa karani wa ushuru. Alikua akicheza chini ya magunia pale Uyole. Alitazama vile vikapu, akaanza kucheka taratibu.

"Baba, hiyo ni lumbesa."

"Andika gunia moja," nikasema.

Tukamfuata Veneranda kwake. Ni mama mfupi, mtu wa maneno machache, na mikono yake haijui kukaa bure; hata akikusalimia inasuka. Tulisalimiana kwa Kihehe, "kamwene", akanipa kigoda, akanitazama vile Wahehe wanavyotutazama sisi Wanyakyusa wala ndizi, kama mtu anayetafuta ndizi mfukoni mwako.

"Mkwe wetu umekuja kunishawishi," akasema.

"Nimekuja kuuliza tu. Unaweza kusuka vikapu vinavyoingiana, kila kimoja kikae ndani ya mwenzake bila kuacha nafasi ya kidole?"

"Vingapi?"

"Sita."

"Kwa bei ya vingapi?"

"Sita," akadakia Tusekile. "Bei ya zamani, mama. Kila kimoja."

Veneranda akafikiri kidogo. "Saba," akasema. "Vikiwa sita, cha ndani kinabaki na nafasi. Naona vibaya kuacha nafasi."

Hivyo ndivyo lumbesa ya vikapu ilivyozaliwa. Picha moja, bei moja, ada moja. Maelezo niliandika mwenyewe, na sikuona sababu ya kujizuia. Niliandika kwamba kuna bwana mmoja wa Mbeya alifungua kikapu hiki asubuhi akitafuta cha mwisho, mchana mkewe akampelekea chakula humohumo.

Tulidhani hakuna mtu wa kununua vikapu saba kwa mpigo. Tulisahau akina mama wa Dar na michezo yao ya upatu. Kumi wanachangishana, wananunua lumbesa mbili, wanazifungua mezani ofisini wanagawana, na kila mmoja anataka cha katikati. Oda zikaja. Veneranda akalipwa bei yake ya zamani, na nyanya zikasubiri. Kwenye kundi Asukile naye akaanza kuuza sufuria, ndani ya sufuria ndoo, ndani ya ndoo mchele, na juu ya mchele mwiko. Akaandika, "Sufuria moja."

Nilikuwa bado Ipogolo, nikijipa likizo, siku duka lilipofungwa. Tusekile alifungua simu akakuta ukurasa mwekundu: Duka hili limesimamishwa kwa kukiuka masharti. Akapiga namba ya huduma, akaweka sauti nje.

"Gulio Mkononi, naongea na nani?" Alikuwa dada mmoja wa Dar, anaitwa Eveline, sauti laini kama mtu anayekubembeleza umeze dawa.

Tusekile akajitambulisha. Nikaisogelea simu. "Mwanangu, ni hivi vikapu? Vikapu ni kimoja. Ukikibeba kinabebeka kimoja."

"Vikapu havina shida mzee. Kuingiana kunaruhusiwa, hata sufuria tunaziuza hivyo. Mzee, shida ni maharage."

Tusekile akaivuta simu kwake.

"Maharage gani?"

"Ghalani wanafungua mizigo kwa ukaguzi. Kwenye kikapu cha saba, kile kidogo cha ndani kabisa, kuna maharage. Kila mzigo. Mzigo mmoja umekutwa na karanga. Chakula kina ada yake, kina usajili wake, na hamkutangaza. Hapa imeandikwa faini, na duka halifunguki mpaka ilipwe."

"Sisi hatujaweka maharage," akasema Tusekile.

"Dada, ninayaona kwenye picha. Ya njano. Mazuri tu."

Tulikwenda moja kwa moja kwa Veneranda, tukamkuta anasuka cha saba. Pembeni yake kulikuwa na bakuli la maharage ya njano.

"Mama," Tusekile akasema, na nilisikia anavyojikaza, "wewe ndiye unayeweka maharage kwenye vikapu?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Veneranda akamtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa nguo. "Kikapu kinaenda nyumbani kwa mtu."

"Ndiyo mama, lakini..."

"Utampelekea mtu kikapu kitupu? Mtu ambaye hata humjui?"

"Amekinunua mama. Siyo zawadi."

"Amenunua kikapu. Mimi nafikaje mlangoni kwake na kikapu kinaniaibisha? Zamani nilikuwa nakuletea wewe hapahapa, aibu ilikuwa yako. Ulivyosema viingiane, nikaona kile cha ndani kimefanana kabisa na cha kupelekea maharage." Akaendelea kusuka. "Karanga niliweka mara moja, maharage yaliisha."

Hakuna aliyeweza kumkasirikia. Mimi nilijaribu nikashindwa. Faini ilikuwa kubwa kuliko akiba ya Tusekile, na lumbesa mpya zilikuwa zimesimama sebuleni hazina pa kwenda. Tuliporudi nyumbani Tusekile akakaa juu ya kikapu kilichofunikwa, akasema, "Jumamosi anakuja kuchukua hela yake. Nitamwambia arudi kwenye nyanya."

"Ngoja Jumamosi ifike," nikamwambia. Sikuwa na wazo lolote. Nilisema tu kwa sababu baba lazima aseme kitu.

Jumamosi Veneranda alikuja mapema, akakaa kwenye ngazi na milulu yake. Tusekile alikuwa ndani anatafuta maneno. Wakati huo dereva wa bodaboda akaingia uani akiwa amebeba mama mmoja mnene amevaa koti la safari.

"Nimemtoa kituoni," akasema yule kijana. "Ameshuka kwenye basi la Njombe, anauliza Veneranda anayehesabu malori. Nikamwambia malori sijui, lakini Veneranda yupo."

Yule mama akajitambulisha kuwa anaitwa Esnath, ni Mbena wa Njombe, anakaa Dar, na alikuwa anakwenda kwao kwenye msiba. Mkononi alikuwa na kikapu kidogo sana. Nilikitambua: cha saba. Akampa Veneranda kwa mikono miwili. Ndani kulikuwa na korosho.

"Nimeleta kikapu chenu," akasema.

Tusekile akatoka. "Mama, hicho ulikinunua."

"Kikapu nilinunua," Esnath akasema. "Maharage sikununua. Nilifungua kile kitu mbele ya wenzangu ofisini, kimoja kinatoka, kingine kinatoka, mwisho maharage. Wenzangu wa pwani wakacheka, wakasema wauzaji wamesahau mzigo wao. Mimi nilijua huko kuna mtu mzima mwenye adabu za kwetu. Mama yangu angesikia nimekula maharage ya watu halafu nimekaa na kikapu bila kukirudisha na kitu, angenifukuza hata msibani."

Veneranda akazipokea korosho, akaonja moja. "Chumvi imezidi kidogo," akasema. Kisha akamsogezea kigoda.

"Umetujuaje?" Tusekile akauliza. "Gulio hawatoi namba."

"Namba ya nini? Imeandikwa kwenye simu. Veneranda wa Ipogolo, anasuka akihesabu malori. Basi likasimama Ipogolo, nikashuka."

Nikakohoa, lakini hakuna aliyenitazama.

Esnath alikunywa chai, akatazama lumbesa zilizokuwa sebuleni, akauliza kwa nini zimelala. Tusekile akamweleza: ada, faini, maharage. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho, akatoa simu yake. "Wenzangu wa upatu wako kumi na wanne. Kila mwezi mmoja anapokea, na kila anayepokea anataka hii. Andika namba yangu. Mimi ndiye mteja, nimekuja mwenyewe mpaka mlangoni, nani atakukataza?"

Tusekile akaiandika. Ilikuwa namba yake ya kwanza ya mteja. Veneranda akalipwa siku hiyohiyo, kwa hela aliyoacha Esnath ya lumbesa mbili, na mbili hizo zikapakiwa basi la jioni. Faini tuliilipa baadaye kidogokidogo, kwa sababu Tusekile hapendi kuona ukurasa mwekundu na mimi sikutaka nyota zipotee.

Sitaki kukudanganya kwamba walikuja mamia. Nikisema mamia ujue nimeanza kazi yangu. Walikuja wachache: waliokuwa wakipita kwenda Mbeya, Songea au Njombe, wengi wao watoto wa hukuhuku waliohamia Dar, kila mmoja ameshika kikapu cha saba kikiwa na kitu. Mmoja alileta nazi iliyokuwa kubwa kuliko kikapu, sijui aliiingizaje. Kila aliyekuja aliacha namba. Mauzo ni nusu ya yale ya Gulio, lakini hakuna anayekata kitu isipokuwa konda wa basi, na huyo anabembelezeka. Veneranda hajarudi kwenye nyanya.

Duka la Gulio hatukulifunga. Usipouza hawakukati, kwa hiyo Tusekile aliondoa vyote akabakiza kikapu kimoja ambacho hakipo, kiwe kama kibao cha njiani. Nilikiandikia hivi: "Lumbesa ya mwisho. Kikapu kimesukwa na Veneranda wa Ipogolo. Ng'ombe anaingia akiwa na ndama wake na wanapishana. Hakuna kingine." Bei tuliweka milioni mbili, ili mtu asome, acheke, aone Ipogolo, apite zake.

Nikarudi Uyole. Juzi Eveline akanipigia mimi, namba yangu aliitoa wapi sijui.

"Mzee, ile ya ng'ombe."

"Ile ni ya kuangalia tu mwanangu."

"Kuna hoteli imelipia. Wanataka kukiweka mapokezi. Hela ipo, mna mwezi mmoja." Akapunguza sauti. "Ada ni ileile mzee. Bidhaa moja. Elfu nne."

Nikampigia Tusekile, Tusekile akaenda kwa Veneranda na simu ikiwa wazi ili nisikie. Nilisikia malori yakipita. Nilisikia Tusekile akieleza: hoteli, milioni mbili, ng'ombe na ndama. Nikasubiri kusikia mama wa watu akisema haiwezekani, nimemwingiza kwenye matatizo, mwambie baba yako aje akisuke yeye.

Veneranda akapiga hesabu ya milulu kwa sauti ndogo.

"Kusuka nitasuka," akasema. "Mwambie mkwe aje tukakate milulu, asikae huko anakula ndizi." Halafu sauti yake ikawa na wasiwasi kweli. "Lakini hiki kikubwa hivi, Tusekile. Ndani tutaweka nini?"